Siku moja kwenye kliniki ya ngozi, Tabora

Saa moja na nusu asubuhi, kabla hata sijautua mkoba, nafungua friji na kusoma kipimajoto. Dawa ya kuchomwa pembeni mwa macho, ambayo wateja huiita Botox hata ikiwa ya kampuni nyingine, hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na umeme wetu hauaminiki. Leo ni 5. Naandika daftarini pamoja na namba ya toleo.

Daktari wa ngozi hutujia kutoka Mwanza kwa siku maalumu. Mimi ni muuguzi, kazi yangu ni kuwaandaa wateja, na maandalizi hayo ndiyo yanayokula siku, kwani sindano yenyewe ni ya dakika chache tu.

Saa tatu anaingia mwalimu mstaafu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nataka haya makunyanzi yaondoke."

Namwomba acheke hadi macho yafumbe, kisha autulize uso. Mikunjo inayojitokeza anapocheka na kupotea anapotulia huletwa na msuli unaolizunguka jicho, na hiyo dawa huiweza. Ile inayobaki hata akiwa ametulia, iliyochimbwa na umri na jua, hupungua tu. Mama anayo yote mawili, nami namweleza hivyo kabla hajalipa. Namuuliza kama ana ugonjwa wa kudhoofika misuli, ambao ungemzuia, na kama yuko kwenye dozi ya jentamaisini, antibiotiki ambayo huongeza nguvu ya dawa hii.

Saa nne na nusu daktari anatia maji ya chumvi ndani ya kichupa ambacho ukikitazama haraka utadhani ni kitupu, kwa kuwa unga wake ni utando mwembamba tu chini. Anakizungusha taratibu bila kukitikisa. Kila upande hupata uniti 12, yaani uniti 4 katika sehemu 3, kipimo kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2013. Sindano huingia juujuu, nje ya ukingo wa mfupa wa jicho, kwa maana dawa ikisambaa hadi kwenye kope, kope hulegea kwa wiki kadhaa. Vivimbe vidogo vinatokea kama mtu aliyeumwa na mbu, na muda si mrefu vinanywea.

"Ni kweli hii ni sumu?" mama anauliza akiwa bado amefumba macho.

Ni kweli, daktari anamjibu: hutengenezwa na bakteria, na kwa kiasi hiki kidogo huzuia neva kuuamuru msuli ujikunje. Madaktari wa macho ndio walioanza kuitumia, kwa makengeza na kope zinazokakamaa, na Jean Carruthers wa Vancouver, naye daktari wa macho, ndiye aliyegundua kwamba aliokuwa akiwatibu kope walikuwa wakipoteza mikunjo.

Saa saba anakuja dada mmoja na kichupa chake mwenyewe, kilichosafirishwa kwa basi kutoka Dar es Salaam bila barafu, lebo yake haisomeki. Anataka tumchome. Tunakataa, naye anakasirika. Heri hasira hiyo kuliko kope iliyoanguka. Kinachonisumbua zaidi ni mkorogo alioupaka hadi chini ya macho, maana krimu zenye steroidi hukondesha ngozi na zinaweza kupandisha presha ya jicho. Hilo tunalizungumza kwa kirefu, pamoja na kofia na krimu ya kukinga jua.

Saa tisa namruhusu mama. Asipapase sehemu ile leo. Mabadiliko yataanza baada ya siku chache, yatakamilika kwa takriban wiki mbili, na baada ya miezi mitatu au minne msuli utarudia kazi yake. Kwa hiyo apige hesabu ya mwaka mzima, si ya leo.

Saa kumi na moja daktari anaondoka. Kichupa cha uniti 50 kimetoa 24, na kwa kuwa ni cha mtu mmoja na hakitakiwi kuvuka saa 24 baada ya kuchanganywa, nakitupa na kuandika uniti 26 kwenye safu ya hasara, ingawa najua mhasibu atanifuata kesho.