Siku ya tatu ya kimya

Siku ya tatu ndipo magoti yaliponishinda. Sesshin, mafungo ya kimya ya Wabudha wa Zen, kwa kawaida huchukua siku 7, na mimi nilidhani kazi itakuwa kunyamaza. Kumbe kunyamaza kulikuwa pumziko. Hakuna salamu, hakuna simu, hata kutazamana machoni tuliombwa tuache.

Kazi ilikuwa kukaa. Zazen, yaani tafakuri ya kuketi, ya dakika 40 nikiutazama ukuta, mgongo wima, mkono wa kushoto juu ya wa kulia, ncha za vidole gumba zikigusana kidogo tu. Ukisinzia, vidole huachana, ukijikaza, hubanana. Vyangu vilibanana mchana kutwa. Unahesabu pumzi hadi 10, kisha unaanza upya. Sikuwahi kufika 7 bila kujikuta nagombana kichwani na dada yangu, kwa jambo la miaka mingi iliyopita.

Alasiri hiyo machozi yalinitoka, yakateremka hadi kidevuni. Sikuyafuta, maana hatukupaswa kujongea. Hakuna aliyeniuliza kitu. Jirani yangu alikuwa akivuta pumzi taratibu, nami nikaifuata ya kwake. Namshukuru mno mtu yule, ingawa hata jina lake silijui.

Kengele ikalia. Tukainuka kwa kinhin, ule mwendo wa polepole, hatua kwa pumzi. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi. Nikasubiri damu irudi, kisha nikakanyaga.