Nyota Mbili za Burma

Mwaka 2007, katika likizo ile ndefu ya S.6, yaani baada ya kidato cha sita, wazee wa mtaa wetu hapa Bombo, Uganda, walinipa kazi moja tu: kukusanya vitu na kuviandikia lebo. Mwandiko wangu ulisifiwa tangu madrasa. Kumbe sifa nazo zina madhara yake.

Wazee hao walikuwa na kikundi, watu tisa au kumi, bila ofisi wala mhuri. Walikutana barazani kila Jumapili alasiri na kubishana nani alizikwa wapi. Safari hii walitaka kuonyesha vitu vya Wanubi kwa siku moja, Jumamosi, katika ukumbi ulio pembeni mwa msikiti, ili sisi vijana tujue kwamba hatukuota kando ya kambi ya jeshi kama uyoga. Kwamba babu zetu ni wale askari waliobaki nyuma gavana wao Emin Pasha alipoondoka, Mwingereza Lugard akawakuta Kavalli, karibu na Ziwa Albert, mwaka 1891, akaja nao huku pamoja na wake zao na watoto wao. Baadaye wengi wakaingia KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na KAR ikawapeleka mpaka Burma kupigana na Wajapani.

Vitu vyenyewe vilikuwa haba. Amin alipoanguka mwaka 1979 watu wetu wengi walikimbia, na waliorudi walikuta nyumba hazina hata milango, sembuse picha za ukutani. Vilivyosalia ni vile vilivyosafiri na wenyewe. Hajati mmoja, jirani yetu wa nyuma, aliishona nyota ya marehemu mumewe, medali yake ya vita vya Burma, ndani ya mto wa kulalia, akavuka nayo hadi Sudan, akaulalia miaka yote ile, akarudi nayo.

Nyota hiyo alinikabidhi mwenyewe, kiganjani. Nikaitia kwenye kopo la biskuti nililokuwa nazunguka nalo. Nyumba ya tatu kutoka hapo, mzee mmoja akanipa nyota ya baba yake. Nayo nikaitia humo humo. Sikufunga karatasi, sikuweka alama. Nilikuwa na haraka ya mpira.

Usiku nilimwaga kopo mezani, nikaona nyota mbili: ncha sita kila moja, rangi ya shaba iliyochoka, taji katikati, herufi za Mfalme George wa Sita, na maneno ya Kiingereza yakizunguka. Utepe wa zote mbili ulikwisha liwa zamani. Nikazigeuza kutafuta majina. Nyuma tupu. Medali za vita vya kwanza zilichongwa jina la askari ukingoni, lakini nyota za vita vya pili Waingereza waliwapa watu wao, na askari wetu pia, hivyo hivyo, bila jina. Nilikaa nazo hadi taa ikaishiwa mafuta. Mwishowe nikaandika lebo mbili kwa mwandiko wangu mzuri, nikabahatisha.

Jumamosi mzee yule alifika mapema, amevaa kanzu ya Idi. Akainama juu ya meza, akainuka taratibu.

"Hii si ya baba. Ya baba ilikuwa nyeusi zaidi. Nani ameandika hapa?"

Ukumbi mzima ukanigeukia. Wazee wa kikundi wakaanza kukisia, mmoja akapendekeza zipimwe uzito kwa mizani ya muuza nyama. Mzee akasema atachukua chake aondoke, ila hakujua achukue ipi, na hilo ndilo lililozidi kumpandisha hasira.

Hajati alikuwa ameketi na wanawake wenzake karibu na zile tabaga za rangi, sinia zetu za kusuka, wakinong'onezana Kinubi. Akajifunga nguo yake ya gurbaba vizuri, akaja. Akaishika nyota moja, akapitisha kidole gumba kwenye kila ncha, macho amefumba. Akairudisha. Akaishika ya pili, akafanya vile vile.

"Hii ndiyo yangu," akasema. "Ile ya baba yako, mwanangu. Ichukue."

Mzee akaitazama ile aliyoachiwa, akasema kweli, sasa anauona weusi wake. Watu wakarudi kwenye chai na kisra.

Jioni nilimsindikiza Hajati nyumbani. Nikamuuliza ameijuaje kwa kidole tu.

"Mjukuu wangu, mto ule ulikuwa wa pamba nene. Mimi sikuigusa miaka mingapi? Nimechukua iliyokuwa karibu na mkono."

"Sasa daftarini niandike nini, Hajati?"

"Andika jina la mume wangu. Kwani hakwenda Burma?"

Niliandika. Majina mengine yote katika daftari lile yako kwa wino. Hayo mawili niliyaandika kwa penseli.