Mabaki ya mboga yana mali, kinachosumbua ni maji

Siku hizi mtu akitaja mabaki ya mboga anakimbilia plastiki moja kwa moja, eti tutengeneze mifuko ya maganda, na mimi sipingi, ila ukiielewa selulosi, yaani zile nyuzi zinazojenga kuta za seli za mimea, vizuri utaona mfuko ndo kitu cha mwisho kufikiria.

Selulosi yenyewe ni sukari ya glukosi tu, zimeungana mlolongo mrefu, Mfaransa Anselme Payen ndo aliitenga kutoka kwenye mimea mwaka 1838. Wanga nao ni glukosi hiyohiyo ila imeungwa vingine, ndo maana tumbo linamudu wanga ila selulosi linaishindwa. Viwanda vya karatasi vinaitoa kwenye miti, na huko wanahangaika na lignini, ile gundi ngumu inayoukaza mti, ambayo inaweza kufika robo ya mti mzima na haitoki kirahisi. Mboga kama karoti lignini yake ni kidogo sana, kuta za seli ni nyembamba na kinachoshikilia nyuzi ni pektini na hemiselulosi, kama udongo unavyoshika matofali, na huo udongo unalegezwa na maji ya moto yenye alkali, kama magadi. Kwa hiyo takataka ya jikoni kwa hili inaushinda mti.

Mi nachukua makapi ya karoti yaliyotoka kwenye mashine ya juisi, nayachemsha na magadi, maji yanageuka kahawia, namwaga, nasuuza mpaka ule utelezi uishe vidoleni, halafu naingiza kwenye blenda muda mrefu kuliko blenda yenyewe inavyopenda. Nachuja kwa kitambaa, ule ute nautandaza juu ya kioo. Ukikauka unabanduka karatasi ya rangi ya chungwa iliyofifia, ngumu, ukiikunja inalia, ukiiweka mbele ya taa mwanga unapenya. Sasa irudishe kwenye maji uone. Inavimba, inalainika, lakini ute ule wa mwanzo haurudi tena hata uisage vipi, kwa sababu nyuzi zikikauka zinang'ang'aniana kwa vifungo vya haidrojeni na hazitaki kuachana. Hiyo karatasi inakueleza karibu biashara yote ilivyo.

Viwandani badala ya magadi wanatumia kostiki soda (hiyo ni alkali kali, usiichezee bila glavu), wanang'arisha kwa haidrojeni paroksaidi, kisha mashine inausukuma ute kupitia kitundu chembamba kwa presha kubwa mpaka nyuzi zichanike ziwe nyembamba kupita kiasi. Hapo inatoka jeli. Asilimia 2 tu ya nyuzi, 98 zilizobaki ni maji, na bado inasimama kwenye kijiko haimwagiki! Ukiikoroga inalegea, ukiiacha inakaza tena. Fundi rangi yeyote anajua thamani ya hiyo tabia, rangi itulie kwenye brashi, ilegee ikipakwa, halafu isitiririke ukutani. Ndo wanachofanya CelluComp kule Scotland, bidhaa yao inaitwa Curran, inatoka kwenye mabaki ya mboga za mizizi na inaingia kwenye rangi. Mambo ya mifuko hayapo kabisa hapo.

Mfuko una shida yake, maana utando wa selulosi ukiwa mkavu unazuia oksijeni vizuri sana, hewa ikiwa na unyevu unaanza kuachia, na vyakula vingi vina unyevu. Utaupaka kitu cha kuzuia maji, na mara nyingi hicho kitu ni plastiki ileile uliyokuwa unaikimbia.

Halafu hesabu. Karoti karibu asilimia 88 ni maji, kwenye hicho kidogo kilichobaki kuna sukari, pektini na vinginevyo, kwa hiyo kilo 100 zinakuachia selulosi ya kilo chache tu. Ukiikausha umekula umeme na umeharibu nyuzi, usipoikausha lori linabeba maji. Na mabaki yenyewe yanaoza haraka. Ndo maana sielewi mipango ya kukusanya maganda nyumba kwa nyumba, wakati kiwanda cha juisi au cha sukari ya viazisukari kinatoa makapi ya aina moja, sehemu moja, kila siku msimu ukiwepo. Mashine ikae palepale ukutani kwao.

Na yale maji ya kahawia wengi wanayamwaga bila kufikiri, yana pektini ndani. Pektini ya kugandisha jemu inatolewa zaidi kwenye maganda ya machungwa na makapi ya matufaha, kwa maji ya moto yenye asidi, kwa hiyo mwenye makapi hayo aanze na asidi kwanza auze pektini, alkali ije baadaye kwenye kilichobaki.