Tulivyompata kakakuona wetu

Ubishi ulianzia kwa simba. Lugha yetu ya programu ilikuwa bado changa, watumiaji wake tukijuana kwa majina, na toleo la kwanza rasmi lilikuwa mlangoni. Kilichopungua ni maskoti tu, yaani mnyama wa kuitambulisha lugha, na waliomtaka simba walikuwa wengi.

Mimi nilimkataa. Simba keshatumika kila mahali, kuanzia timu za mpira hadi benki. Nani atamwona aikumbuke lugha yetu? Tena ukali hauhitajiki. Tux, pengwini wa mfumo endeshi wa Linux aliyechorwa na Larry Ewing mwaka 1996, ameketi zake tu, ameshiba, hamtishi mtu, na watu wanampenda vilevile alivyo. Bundi naye alipendekezwa, akaondolewa upesi: kwa wengine ni hekima, kwa wengine ni mkosi.

Ndipo dada mmoja aliyekuwa akituandikia miongozo alipoleta kakakuona. Alikuwa amemchora kwa penseli, kajikunja nusu, mkia umepita juu ya pua, jicho moja linachungulia. Lugha yetu, alisema, ikipewa data isiyoielewa hujifunga na kukataa kuendelea, na huyu mnyama akiguswa hufanya hivyohivyo. Nilimpenda palepale. Nikachukua mchoro wake na ule wa simba, nikaipunguza yote miwili hadi pikseli 16 kwa 16, kipimo cha ikoni ndogo ya kivinjari. Simba na manyoya yake akageuka doa la kahawia. Kakakuona alibaki kakakuona: duara, mkia, nukta ya jicho. Niliwatumia wenzangu picha hizo mbili bila kuongeza neno, na kura zikahama.

Likabaki suala la haki, na hilo ndilo lililoninyima usingizi. Ngamia wa lugha ya programu ya Perl anajulikana dunia nzima, lakini alitoka kwenye jalada la kitabu cha kampuni ya uchapishaji ya O'Reilly, na picha yake ni alama ya biashara ya kampuni hiyo. Sikutaka jumuiya yetu iombe ruhusa kila inapochapa fulana. Gofa, mnyama mdogo mchimba mashimo wa lugha ya Go, kazi ya Renée French, ana leseni ya Creative Commons, inayoruhusu kila mtu kumtumia ila inataka msanii atajwe. Ferris, kaa wa lugha ya Rust, aliachiwa umma bila masharti na mchoraji wake, Karen Rustad Tölva. Nilimweleza dada njia hizo mbili, faida na hasara zake, nikamsihi asikubali lolote kwa kutuonea haya. Akachagua ya kaa. Aliandika tamko fupi, akatia jina lake, tukaliweka kwenye hifadhi ya msimbo, kando ya leseni ya lugha yenyewe.

Watu hawakungoja. Mmoja alimvika miwani, mwingine akamfuma kwa uzi, na yule aliyempigania simba kuliko wote ndiye aliyechapisha stika za kwanza. Tamko lile halinidai nimtaje msanii. Hata hivyo, kila ninapomweka kakakuona kwenye slaidi zangu, jina la dada yule nalo huwepo.