Ukimaliza kupiga shabaha, kaokote na vitambaa

Watu wakiskia napiga bunduki ya kushindilia huku Pennsylvania, Marekani, swali la kwanza ni lile lile, kwani hiyo si gobore tu? Ni ndugu yake gobore, sikatai. Zote mbili zinajazwa mdomoni, baruti kwanza halafu risasi, unashindilia na mdeki, fataki au gumegume (jiwe la kutoa cheche) ndo linawasha moto. Ila ndani ya mtutu ni vitu viwili tofauti kabisa. Gobore mtutu wake ni laini, risasi inagongagonga ukuta huu na ule mpaka itoke, na ikitoka inashika njia yake yenyewe, ndo maana mwindaji wa gobore lazima anyatie mpaka karibu sana na mnyama. Hizi bunduki ndefu za huku zina michirizi ndani inayojizungusha kutoka nyuma hadi mbele, inaizungusha risasi, na risasi inayozunguka inakwenda ilikotumwa.

Na hapa naomba niseme kitu kinachoniuma kila nikikifikiria. Si kwamba wazee wetu walipenda mtutu laini. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikataza kuingiza bunduki zenye michirizi na zile za kujazia nyuma kwenye eneo kubwa sana la Afrika, pwani na bara yetu ikiwemo, kilichoachwa kipite kwa masharti ni bunduki za gumegume zenye mtutu laini na baruti ya kawaida ya biashara. Yaani watu walikaa mezani Ulaya wakaandika kabisa kwamba huku iende ile isiyolenga vizuri. Miaka 15 baadaye, Majimaji, wapiganaji wetu wanaingia na magobore na mikuki mbele ya bombomu, yaani bunduki za rashasha, za Wajerumani. Mtu akinicheka kwamba gobore ni silaha ya kijinga huwa namweleza hiyo habari kwanza ndo tuendelee.

Haya, turudi kwenye mtutu wenye michirizi. Risasi yenyewe ni goroli ya madini ya risasi tupu, yale laini isiyochanganywa na bati, unaiyeyusha (inayeyuka nyuzi 327 za Selsiasi) unamimina kwenye kalibu. Bunduki ya kaliba .50, yaani yenye tundu la nusu inchi, watu wengi wanatumia goroli ya inchi .490, yenye uzito wa gramu kama 11 na nusu hivi. Umeona hapo? Goroli ni ndogo kuliko tundu. Ukiidondosha peke yake haishiki michirizi hata kidogo, umerudi kwenye gobore. Kinachojaza hiyo nafasi ni kitambaa. Kipande cha pamba kilichopakwa mafuta unakitandika mdomoni mwa mtutu, goroli juu yake, unasukuma vyote pamoja vishuke mpaka vikae juu ya baruti. Kitambaa ndo kinachong'ata michirizi, ndo kinaizungusha goroli, ndo kinazuia moto usipenye pembeni, na mafuta yake yanalainisha masizi ya risasi iliyopita. Goroli yenyewe ikifanyiwa kazi vizuri haigusi chuma kabisa mpaka inatoka.

Ndo maana nasema watu wanahangaika na vitu visivyo. Wageni wa mchezo huu utawaskia wanabishana baruti kiasi gani, mtutu wa nani, goroli za kununua au za kumimina mwenyewe, na kitambaa wamekata tu kwenye shati lolote la zamani. Shati lenye nailoni au polista linayeyuka humo ndani! Tafuta pamba asilimia mia, iliyofumwa kwa kubana, kile kitambaa kigumu cha mistari cha foronya za zamani ndo wengi wanatumia huku, na merikani nzuri iliyobana ingefaa pia. Kifue kwanza kitoke wanga wa kiwandani. Unene uujue kwa kipimo, usikadirie kwa vidole, maana tofauti ya kitambaa cha unene wa inchi .010 na cha inchi .018 kwa macho ni kama hakuna lakini kwenye shabaha ni kubwa sana.

Sasa siri ambayo wala si siri. Kitambaa hakiendi mbali, kikitoka mdomoni kinafunguka na kinaanguka hatua chache mbele yako. Kaviokote. Hakikisha kwanza uwanja umefungwa na kila mtu ameweka bunduki chini, halafu nenda. Kitambaa kizuri kina doa la duara katikati pale goroli ilipokalia, mikunjo imeacha alama ya kijivu, na kingo zimechanika nyuzi kidogo, ungeweza karibu kukitumia tena. Kikiwa na tundu la kuungua katikati, moto unapenya, aidha kitambaa chembamba, mafuta machache au baruti nyingi. Kikiwa na mikato mikato imejipanga kwa duara, michirizi au mdomo wa mtutu una makali, mtutu mpya huwa hivyo, unahitaji kusuguliwa taratibu. Kikirudi vipande vipande basi nguo ni dhaifu, au vilikaa na mafuta kwenye kopo mpaka vikaoza, hivyo tupa vyote. Hakuna anayekuambia ukweli kuhusu bunduki yako kama hicho kitambaa, shabaha inakuonyesha tu kwamba kuna tatizo, kitambaa kinakuonyesha tatizo liko wapi.

Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Kawaida ya zamani ni kuanza na greini (kipimo kidogo cha uzito wa baruti) sawa na kaliba, .50 unaanza na 50, unaongeza tano tano huku unaangalia vitambaa, ila usivuke kiwango cha juu alichoandika mtengenezaji. Mafuta, mate yanatosha kama unapiga shabaha na unafyatua hapo hapo, lakini kwa kuwinda ambako bunduki inakaa imejazwa masaa, mate yatakauka au yatatia kutu, tumia nta ya nyuki na shahamu ya kondoo.

Mambo mawili sina mjadala nayo. Baruti ni nyeusi tu au mbadala wake uliotengenezwa kwa bunduki hizi, ile ya kisasa isiyo na moshi inapasua mtutu mkononi mwako. Na goroli lazima ikalie baruti, usiache nafasi katikati, tia alama kwenye mdeki ujue imefika.

Uzito wa kazi hii yote ndo uliofanya majeshi yasiipende, askari wa mtutu laini aliweza kupiga kama mara tatu kwa dakika, mwenye michirizi na kitambaa alikuwa bado anashindilia. Mafundi wa mji wa Lancaster huku Pennsylvania, kama Jacob Dickert, walikuwa wanatengeneza bunduki hizi karne ya 18 kwa ajili ya wawindaji hasa, watu ambao risasi moja ilitakiwa itoshe. Halafu 1849 akaja Mfaransa Claude-Étienne Minié na risasi yake inayotanuka yenyewe ikifyatuliwa, kitambaa kikakosa kazi jeshini. Kwa sisi tunaopiga karatasi mita 50 bado hakuna kinachonipa raha kama goroli na kitambaa chake, na ukitaka kuona walivyo wengi wenye ugonjwa huu nenda Friendship, Indiana, kwenye mashindano ya National Muzzle Loading Rifle Association, chama cha tangu 1933.

Wakati wa kiangazi beba ndoo ya maji. Kitambaa kingine kinaanguka bado kina cheche, na nyasi kavu hazisubiri.