"Haijatoka vizuri" haimsaidii mpiga picha

Anayeanza kupiga picha akionyesha kazi yake, kwa kawaida hupata jibu moja kati ya mawili: "kali sana" au "haijatoka vizuri". Yote mawili yanamwacha pale pale alipokuwa. Anachohitaji ni kujua kilichotokea ndani ya picha ile, kimesababishwa na nini, na akishika kamera tena abadilishe nini.

Kwanza ipate picha yenyewe. Iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida imebanwa, imepungua ukali na imepoteza taarifa za kamera, kwa hiyo mwombe aitume kama faili. Angalia kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga), ukubwa wa tundu la lenzi na ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga). Bila namba hizo utakuwa unabahatisha. Kisha muulize alitaka tuone nini kwanza. Akisema ni mikono ya bibi anayesuka ukili, na fremu imejaa ukuta na miguu ya waliosimama nyuma, ushauri umeshapatikana: asogee hatua mbili mbele, achutame, mikono iwe usawa wa kamera.

Malalamiko makubwa ni ukungu, na hapa ndipo washauri wengi hukosea, maana ukungu una vyanzo tofauti na kila kimoja kina dawa yake. Ikuze picha hadi uone kope za macho. Kama uso hauko wazi lakini ukuta wa nyuma uko wazi, fokasi, yaani sehemu ambayo lenzi imelenga iwe wazi, iliangukia ukutani: aweke alama ya fokasi kwenye jicho lililo karibu naye. Kama kila kitu, hata ukuta, kina kingo mbili zinazoelekea upande mmoja, mkono ulitikisika. Kwa lenzi ya milimita 50 ashike kamera kwa kasi ya shata ya 1/100 ya sekunde au zaidi, viwiko vikigusa mbavu. Kama ukuta na viti viko wazi ila mtoto anayekimbia amevutika, aliyesogea ni mtoto. Hapo aanze na 1/500, hata kama italazimu kupandisha ISO hadi 1600. Chengachenga kidogo, yaani vidoadoa vinavyoletwa na ISO ya juu, zinavumilika, mtoto aliyevutika harekebishiki. Na kama taa zina michirizi na weusi umegeuka kijivu picha nzima, hasa ya simu, basi kioo cha lenzi kina mafuta ya vidole. Akifute kwa kitambaa safi cha pamba.

Picha za harusi zina tatizo lake: kanzu nyeupe na uso mweusi katika fremu moja. Kamera hupima mwanga wa fremu na kuuvuta kwenye kiwango cha kati. Kanzu na ukuta wa chokaa vikijaa, inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso unazama gizani. Usimwambie tu auinue kwenye programu baadaye, kwani giza likiinuliwa huja na chengachenga. Aongeze mwanga wakati wa kupiga, kuanzia +0.7 hadi +1 kwenye kitufe cha kufidia mwanga (+/-), huku akichunga mikunjo ya kanzu isipotee. Kwenye simu aguse uso, kisha atelezeshe alama ya jua. Mikunjo ikipotea kabla uso haujatokeza, ujue mwanga wenyewe ni mkali mno. Jua la saa sita liko utosini na paji la uso linatia kivuli machoni. Amsogeze mtu kivulini barazani, uso ukielekea nje, na nyuma yake pasiwe na jua. Au asubiri saa kumi na moja jioni.

Tofautisha uso unaoonekana vizuri na uso uliobadilishwa rangi. Programu za urembo hulainisha ngozi na kuifanya nyeupe, na mtu anakuwa si yeye. Hilo liseme waziwazi, ni kosa la heshima kabla ya kuwa kosa la ufundi.

Pua ikionekana kubwa kwenye picha ya simu, alisimama karibu mno. Arudi nyuma hadi mita 2 na atumie ukuzaji wa 2x.

Ukishaona kasoro tano, taja moja. Chagua ile isiyoweza kurekebishwa nyumbani. Bahari iliyopinda digrii 2 hunyooshwa kwa sekunde chache, na ukingo wenye takataka hukatwa. Fokasi iliyokosa na macho yaliyofumbwa havirudi. Taja pia kilichofanikiwa, kwa usahihi ule ule: "umengoja mpaka nahodha akageuka" kunamfundisha kurudia jambo lile, "nzuri" hakumfundishi. Usiihariri picha yake bila ruhusa. Na kasoro umwambie faraghani, hasa kama ni mkubwa kwako au picha ni ya kazi aliyolipwa.