Gegedu hubomolewa na seli zake lenyewe

Mtu akiumwa goti uzeeni, mara nyingi huambiwa kwamba mfupa umesagika. Maelezo hayo si ya uongo, lakini humfanya mgonjwa aone gegedu, yaani tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, kama kitu kisicho na uhai kinachopungua kwa kutumika, ilhali sehemu kubwa ya ubomoaji katika osteoathiritisi, ugonjwa huo wa kuchakaa kwa viungo, hufanywa na seli za gegedu zenyewe, zikiitikia ishara za mchochota, yaani hali ya mwili kuvimba na kuuma unapojikinga.

Jaribio ambalo kwangu linaeleza jambo hili vizuri kuliko mengine yote lilichapishwa mwaka 1977 na Honor Fell na R. W. Jubb wa Cambridge, Uingereza. Walikuza vipande vya gegedu maabara pamoja na utando wa ndani wa kiungo. Utando ulipogusana na gegedu, hata lile lililouawa liliharibika. Ulipotengwa nalo ndani ya chombo kilekile, ni gegedu hai tu lililomeng'enywa. Maana yake ni kwamba utando ulitoa kitu ambacho hakili gegedu, bali huziamuru seli zake zifanye kazi hiyo. Kitu hicho kiliitwa katabolini, na katika miaka ya 1980 kikabainika kuwa ni intalukini-1, protini inayopeleka ishara za mchochota.

Intalukini-1, au TNF, protini nyingine ya ishara za mchochota, inaponasa kwenye kipokezi cha seli, protini iitwayo NF-κB huingia kwenye kiini na kuwasha jeni za vimeng'enya, protini zinazokata molekuli nyingine. ADAMTS-4 na ADAMTS-5 hukata agrikani, molekuli inayoshika maji na kulipa gegedu uwezo wa kuhimili uzito; MMP-13 hukata kolajeni ya aina ya pili, protini ya nyuzi inayolishikilia gegedu. Wakati huohuo seli hupunguza utengenezaji wa kiunzi kipya. Hasara ya agrikani na ile ya kolajeni hazilingani: agrikani huweza kurudishwa, lakini kolajeni ya gegedu la mtu mzima karibu haitengenezwi tena. Vipande vya fibronektini, protini nyingine ya kiunzi, vinavyotokana na ukataji huo navyo huichochea seli, ikatoa vimeng'enya zaidi.

Hata hivyo, ninasita kuitupia intalukini-1 lawama zote. Majaribio mengi ya maabara hutumia kipimo kinachozidi sana kile kinachopatikana katika ute wa goti la mgonjwa, na mzigo usio wa kawaida pekee huweza kuwasha jeni hizohizo. Labda ndiyo sababu lutikizumab, dawa inayoizuia intalukini-1, haikuleta nafuu ya maana kwa wagonjwa wa goti. Kwa upande mwingine, uchambuzi wa mwaka 2020 wa jaribio la CANTOS, lililohusisha wagonjwa wa moyo zaidi ya 10,000, ulionyesha kwamba waliopewa canakinumab, inayozuia intalukini-1 beta, walibadilishiwa nyonga au goti kwa kiwango cha chini kwa takriban asilimia 40 kuliko waliopewa dawa bandia. Jaribio hilo halikubuniwa kupima viungo, kwa hiyo halitoshi kuhalalisha dawa hiyo kwa magoti, lakini linatosha kudai jaribio jipya linaloanza kabla kolajeni haijakatwa.